Gemu za kujiendesha zilizotelekezwa na mtengenezaji: tupeane uzoefu

mjenga_mnara
Wadau, uzi huu ni wa zile gemu zinazochuma zenyewe: unanunua mashine, unafunga simu, jioni unakuta sarafu zimejaa. Zinamfaa sana mtu aliyekwama kwenye jam ya Thika Road. Tatizo ni kwamba nyingi hutengenezwa na mtu mmoja, naye akichoka anaondoka bila kuaga, hitilafu zinabaki na wachezaji. Inauma. Leteni hitilafu, chanzo chake na kinachosaidia.

kodi_za_usiku
Anza na namba, maana ndizo huua gemu hizi.

Sarafu zikiruka ghafla kuwa hasi, ujue hesabu imewekwa kwenye namba nzima ya biti 32. Mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja inapinduka. Zitumie kabla hazijafika hapo.

Zinazotumia desimali za biti 64 zina dalili mbili. Kupita 9,007,199,254,740,992, kuongeza 1 hakubadilishi kitu, kwa hiyo mashine ndogo zinaonekana zimekufa. Kisha karibu na 1.8 mara 10 kwa kipeo cha 308, skrini inaandika Infinity, yaani namba isiyo na mwisho. Hapo usiguse kitu! Ukinunua kitu ambacho bei yake nayo ni Infinity, jibu ni NaN, yaani si namba tena, na kila hesabu itakayoigusa inakuwa NaN. Gemu ikishajisevu hivyo, dawa ni nakala ya zamani tu.

dada_wa_saiba
Kwa wanaocheza kwenye brauza: tangu Chrome 88 ya 2021, ukurasa uliofichwa zaidi ya dakika 5 bila sauti unaweza kuamshwa mara moja tu kwa dakika. Gemu inayohesabu midundo (kila mara inapoamka kuongeza sarafu, tuseme mara moja kwa sekunde) badala ya kupima muda uliopita inakulipa mdundo mmoja pale ulipostahili 60. Acha sauti ya gemu ikilia, au uweke ukurasa kwenye dirisha lake lionekane.

Sevu yenyewe, yaani rekodi ya ulipofikia, inakaa kwenye hiyo brauza. Ukifuta historia pamoja na data za tovuti, imeenda. Toa sevu kama maandishi, jitumie kwa barua pepe, kisha ijaribu kwenye dirisha la faragha kabla ya kuitegemea. Maandishi yakikatika hata herufi chache mwishoni, gemu inaweza kuyakataa yote.

fundi_luthuli
Kwenye Android, "futa kache" (faili za muda tu) haina shida. "Futa data" inaondoa kila kitu. Watu huchanganya hizi mbili halafu wanakuja kwa fundi, na folda ya ndani ya programu haifikiki bila kuruti simu, yaani kuifungua upate mamlaka yote ya mfumo.

Msiuze simu ya zamani haraka. Android 14 inakataa kusakinisha programu iliyolenga matoleo ya chini ya Android 6.0, na gemu iliyotelekezwa haitapata toleo jipya.

Saa iacheni ijiweke yenyewe. Ukiisogeza mbele uvune sarafu kisha uirudishe, gemu inaweza kupata muda hasi na kuganda mpaka tarehe ile ifike.

mjenga_mnara
Asante fundi. Na kurudishiwa pesa je?

kodi_za_usiku
Google Play: omba ndani ya saa 48, ukiwa na namba ya risiti inayoanza na GPA. Baadaye unaelekezwa kwa mtengenezaji, ambaye ndiye huyo hapatikani. Steam, duka la gemu za kompyuta, inataka siku 14 na chini ya saa 2 za kucheza, na gemu hizi zikiachwa wazi usiku mmoja saa hizo zimekwisha kabla hujaona hitilafu. Angalia tarehe ya sasisho la mwisho kabla hujalipa hata bob moja.

mgeni_wa_Rongai
Samahani, kitufe cha kutoa sevu kikiwa kibovu?

dada_wa_saiba
Kwenye kompyuta, ukitumia Chrome, bonyeza F12, fungua Application, kisha Local Storage, chagua anwani ya gemu. Nakili jina la kila mstari pamoja na thamani yake. Kurudisha, funga gemu kwanza na uandike ukiwa kwenye ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo. La sivyo itajisevu juu ya kazi yako.