Naomba ushauri: Othello asimame wapi anapomchungulia Cassio?

Ndugu wanajumuiya, habari za wakati huu. Kikundi chetu kinafanya mazoezi ya tamthilia ya Othello ya Shakespeare, nasi tumekwama katika sehemu ya nne, onyesho la kwanza, pale Iago, msaidizi mlaghai wa Othello, anapomficha Othello pembeni na kumchokoza Cassio, aliyekuwa luteni wa Othello, kuhusu Bianca, hawara wa Cassio, ili kicheko cha Cassio kionekane machoni pa Othello kuwa cha kumdhihaki Desdemona, mke wa Othello.

Ugumu ni kwamba Othello anatakiwa aone bila kusikia, ilhali watazamaji wasikie vyote, pamoja na maneno yake ya pembeni. Tulimweka nyuma ya pazia, sauti yake ikapotea. Tukamleta mbele, ubavuni mwa jukwaa, akawa karibu mno hata ikawa vigumu kuamini kwamba hakulisikia jina la Bianca, ambalo Iago hulitaja mapema. Sasa Iago hulitamka kwa sauti ya chini akiwa amempa Othello mgongo, na hilo limesaidia sana, ingawa waliokaa nyuma hawalipati.

Mlio na uzoefu wa kumbi ndogo, mngemsimamisha wapi? Na Bianca anapomrudishia Cassio kwa hasira leso ambayo Othello alimpa Desdemona, je, Othello asogee aitazame vizuri, au abaki mbali, kwa kuwa baadaye bado anamuuliza Iago kama leso hiyo ilikuwa yake?

Natanguliza shukrani.