Maji ya kisima yana chumvi: mbona mizabibu inaungua na mtama uko salama?

MamaShamba_Hombolo
Wakuu, habari za humu. Nina mizabibu Hombolo, na mvua zikikatika natumia maji ya kisima kirefu. Ukiyaonja unasikia chumvi, na ndoo ikikauka inabaki na utando mweupe. Kiangazi hiki majani yameanza kukauka kingo, yale ya zamani kwanza, rangi ya kahawia inatoka pembeni inaingia ndani. Kinachonishangaza ni mtama niliopanda ukingoni mwa shamba kwa ajili ya kuku. Unakunywa maji yale yale na umestawi vizuri tu. Jirani yangu anasema mzizi unafyonza chochote kilichomo kwenye maji, hauchagui. Sasa kama hauchagui, mtama umeponaje? Naomba mwenye elimu anieleze kwa kina, maana dukani wameshaanza kunitajia dawa za kupiga.

Mkulima_Mbabala
Pole sana dada. Usipige dawa ya ukungu kwanza. Ukungu huwa unaacha madoadoa katikati ya jani, wala haufuati ukingo kwa mpangilio hivyo. Chukua maji kwenye chupa safi ukapime kiwango cha chumvi. TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, hawako mbali nawe, na zabibu ndiyo kazi yao. Huku kwetu wengine wanaweka jasi inayotoka Itigi, ila sababu yake ya kitaalamu sijui, tumwachie mwalimu.

Mwalimu_Baiolojia_Kongwa
Dada, swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Jirani yako yuko sahihi mpaka katikati ya mzizi, halafu hapo anakosea.

Kila seli ya mmea ina ukuta nje ya utando wake. Ukuta huo ni nyuzi za selulosi zilizoshikamanishwa na pektini na vitu vingine. Ni mgumu kiasi cha kuizuia seli isipasuke inapojaa maji, lakini una nafasi ndogo mno ambazo maji na chumvi iliyoyeyuka hupita. Kwa hiyo kwenye sehemu ya nje ya mzizi maji ya kisima chako yanaweza kusafiri ndani ya kuta, kutoka seli hadi seli, bila kuingia kwenye seli hata moja. Huko hakuna anayeyauliza.

Kisha yanafika kwenye endodermisi, safu moja ya seli inayozunguka mirija ya katikati ya mzizi. Pale kuta za seli zinazopakana zimejazwa lignini, kitu kile kile kinachoufanya mti uwe mgumu, na utando wa seli umegandamana nayo bila kuacha upenyo. Tunauita mkanda wa Caspary, kwa jina la Robert Caspary, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1865. Kwa miaka mingi vitabu vilisema mkanda huo ni wa suberini, yaani nta ya mizizi. Mwaka 2012 ndipo watafiti waliokuwa wakichunguza mmea mdogo wa Arabidopsis walipoonyesha kwamba kinachoziba ni lignini. Mnaowafundisha watoto mchoro wa mzizi, rekebisheni hapo.

Njia ya kutani ikishafungwa, maji hayana budi kupita kwenye utando wa seli iliyo hai, na kwenye utando kuna protini zinazopitisha potasiamu na kuirudisha nje sodiamu nyingi, ambayo ni sehemu moja ya chumvi. Ni kama zizi: mchana ng'ombe wanazurura wanakotaka, jioni wanapita mlango mmoja na mwenyewe amesimama pale anahesabu. Mkanda huo huo pia unazuia virutubisho vilivyokwisha kuingia visivuje kurudi kwenye udongo. Watu hulisahau hili, nami naliona kubwa sawa na lile la kwanza.

Sasa mtama na mzabibu. Yote miwili ina mkanda huo, ila walinzi wake hawalingani. Kwa vipimo vinavyotumiwa na FAO, mavuno ya mzabibu huanza kupungua chumvi ya udongo ikifika desisimensi 1.5 kwa mita, ya mtama ikifika 6.8. Mtama huibakiza sodiamu nyingi mizizini na chini ya shina. Mzabibu shida yake kubwa ni kloridi, sehemu ya pili ya chumvi, na hapo inategemea mizizi ni ya aina gani. Australia hupandikiza zabibu juu ya mizizi ya aina kama Ramsey kwa sababu inaikataa kloridi. Kloridi iliyopenya hupanda na maji hadi majani, maji yanatoka kama mvuke, chumvi inabaki. Jani la zamani limepitisha maji mengi zaidi, ndiyo maana linaungua kwanza. Potasiamu ikipungua nayo huunguza kingo za majani ya zamani, kwa hiyo ushauri wa kupima usiupuuze.

Mlango huo pia una udhaifu. Kwenye ncha changa mkanda haujakamilika, na mzizi wa pembeni unapochipuka huipasua endodermisi ili utoke. Ukilima kwa jembe karibu na shina ukakata mizizi, halafu siku hiyo hiyo ukamwaga maji ya chumvi, umeyafungulia njia. Na zile protini zinahitaji nguvu, nguvu inahitaji hewa. Maji yakituama kwenye udongo wa mfinyanzi mzizi unakosa hewa na chumvi inapita kwa wingi. Kwa hiyo mwagilia vizuri kisha acha yashuke, usiache udongo ukauke kabisa chumvi ikakolea, na usiyatuamishe.

Kuhusu jasi: inaleta kalsiamu, ambayo huiondoa sodiamu kwenye chembe za udongo na kupunguza uingiaji wake mzizini. Kama tatizo ni kloridi peke yake, haitaiondoa.

MamaShamba_Hombolo
Mwalimu, Mungu akubariki, leo nimeelewa. Niongeze moja: kama mzizi una ukuta hivyo, kiduha, lile gugu linalonyonya mtama, kinauingiaje?

Mwalimu_Baiolojia_Kongwa
Kinavunja, dada. Mbegu ya kiduha huota ikihisi kemikali zinazotolewa na mzizi wa mtama. Kamzizi kake kanajibandika, kanatoa vimeng'enya vya kulegeza pektini baina ya seli, kanasukuma hadi endodermisi, kisha kanaunga kwenye mirija. Kuna mtama wa India uitwao N13 ambao kuta za endodermisi yake ni nene, zenye lignini na silika, na viduha vingi hukwama hapo. Aina za mtama ziitwazo Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2002, zinakikinga kwa njia nyingine: mizizi yake hutoa kidogo sana ile kemikali ya kukiamsha. Hata ukipanda hizo, ng'oa kiduha kabla hakijachanua, mche mmoja huacha makumi ya maelfu ya mbegu na hukaa ardhini miaka mingi.

Ukishapima maji, weka namba hapa, ya kloridi na ya sodiamu kila moja peke yake, tuone kama jasi inafaa.