Mtoto ana makengeza, hii miwani ya VR inasaidia kweli?

MamaWawili: Wakuu habarini, binti yangu ana miaka 5, jicho la kushoto linaingia ndani upande wa pua, sasa wifi yangu kanitumia video watoto wamevaa hedseti ya VR (ile miwani mikubwa yenye skrini ndani) wanacheza gemu eti macho yananyooka. Ni kweli au ndo tunapigwa hela??

Kijana_wa_Moshi: Dada usichanganye mambo mawili. Makengeza ni jicho kwenda upande, jicho vivu ni ubongo kulipuuza lile jicho, ingawa la kwanza mara nyingi linazaa la pili. VR inalenga zaidi hilo la pili, kila jicho linapewa picha yake, lile zima wanalififishia picha ili ubongo ulazimike kutumia lile bovu. Hedseti moja ya hivyo inaitwa Luminopia, ilipitishwa Marekani 2021 kwa jicho vivu miaka 4 hadi 7, video saa 1 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 12, na lazima daktari akuandikie.

BabaJ: Wangu alinyooka kwa miwani ya kawaida tu! Plus plasta tulimbandika kwenye jicho lile zuri masaa 2 kila siku, anaibandua anambandika mdoli 😂

MamaWawili: Hajapimwa bado, bibi yake anasema litajinyoosha akikua

Kijana_wa_Moshi: Miaka 5 halijinyooshi, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii akamulikwe hadi ndani ya jicho, mara chache makengeza huwa dalili ya kansa ya jicho.