Dhamana ya miaka 5 dhidi ya mchwa imedumu miezi 7

Wakuu, naomba mnivumilie, kwa kuwa naandika nikiwa na hasira na maelezo yangu ni marefu. Jumamosi iliyopita, nyumbani kwangu Kibaha, nilikuwa nafuta vumbi kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto, kidole gumba kikazama ndani ya mbao hadi kucha ikapotea. Rangi ya mafuta ilikuwa nzima, inang'aa kama siku ilipopakwa, ila nyuma yake hapakuwa na mbao tena. Palikuwa na udongo mwekundu uliokandwa vizuri na mchwa waliokuwa wakiukimbia mwanga. Fremu yenyewe ni ya mninga. Fundi aliyeichonga aliiachia ile sehemu nyeupe ya pembeni ambayo haina ukali wa kiini, na mchwa wameila yote kwa mstari ulionyooka utadhani walipigiwa kamba, kiini wakakiacha kimesimama peke yake.

Ningenyamaza kama nisingekuwa na mkataba. Miezi 7 iliyopita nililipa shilingi 850,000 kwa kampuni moja ya kupuliza dawa, ambayo sitaitaja jina, nikapewa karatasi yenye muhuri inayosema nyumba yangu imekingwa dhidi ya mchwa kwa miaka 5. Walikuja vijana wawili na bomba moja la mgongoni la lita 16, wakalijaza mara mbili kwenye bomba langu la maji la nje, wakazivunja njia za udongo zilizokuwa zimepanda ukutani, wakapuliza kuta, wakapuliza fremu, wakapuliza hata mlango wa stoo ambao ni wa chuma, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamemaliza na wanaomba hela ya soda.

Hicho ndicho ninachokilalamikia. Mchwa wanaoshambulia nyumba zetu kutokea chini, hasa wa jamii za Macrotermes na Odontotermes, hawaishi ukutani. Kiota chao kiko ardhini, na si lazima kiwe na kichuguu kinachoonekana. Anayekutwa kwenye fremu ni kibarua tu. Mbao anayoitafuna huishia kuwa mboji ya kuoteshea kuvu ndani ya kiota, na kuvu hiyo ndiyo inayoulisha ukoo mzima (ndiyo pia inayotutolea ule uyoga wa vichuguuni baada ya mvua, na hapo hakuna anayelalamika). Kule Kajiado, Kenya, watafiti waliwahi kuzifukua na kuzichora njia za chini kwa chini za kichuguu kimoja, wakakuta zinafika karibu mita 50 kutoka kilipo kiota. Kwa hiyo mchwa wa nyumba yangu anaweza kuwa anatokea kwenye shamba la jirani wa tatu, na kumpulizia aliyefika ukutani ni sawa na kumkamata kuli bandarini ukidhani umeizamisha meli. Malkia hutaga mayai kwa maelfu kila siku. Vibarua mia chache waliokufa sebuleni kwangu pengo lao lilizibwa kabla wale vijana hawajafika stendi.

Sasa tupige hesabu, maana hasira bila hesabu ni kelele. Nyumba yangu ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 11, yaani mzunguko wa mita 46. Kiwango kinachotumika sana kwa nyumba iliyokwisha kujengwa ni kuchimba mfereji kuuzunguka msingi na kumwaga takriban lita 5 za dawa iliyochanganywa kwa kila mita moja, kwa kina cha sentimita 30. Hiyo ni lita 230 kwa nje peke yake, kabla ya kutoboa sakafu kwa ndani kuufuata ukuta ili dawa ifike kwenye udongo ulio chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Mimi nilipewa lita 32, zote juu ya plasta. Udongo haukupata hata tone.

Nilipowapigia simu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba masika yameisafisha dawa. Nilimuuliza yule bwana mvua ya masika iliingiaje chumbani kwa watoto, akakata simu. Jibu la pili lilikuja siku nne baadaye, safari hii ndani ya kopo la majarini: fundi wao alivuja jasho kutwa nzima kwenye kichuguu kilicho nyuma ya uwanja wangu, akaniletea kidude kinene cheupe chenye urefu wa kidole, akasema huyu ndiye malkia, kazi imekwisha, niongeze shilingi 100,000. Sikuongeza. Hakuna aliyethibitisha kwamba wanaokula fremu yangu wanatoka kwenye kichuguu hicho, na hata kama wanatoka humo, baadhi ya mchwa hawa huwa na malkia zaidi ya mmoja ndani ya kiota kimoja.

Kuhusu dawa yenyewe, ilikuja kwenye kidumu cheupe kisicho na lebo. Hili limeniudhi kuliko fedha, kwa sababu kila kiuatilifu kinachouzwa nchini kinapaswa kuwa kimesajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, nami nina watoto wanaotambaa. Nilipouliza jina lake, niliambiwa kwa sauti ya chini kuwa ni "ile kali ya zamani". Kama wanamaanisha dieldrini au aldrini, hizo zimo kwenye orodha ya kwanza kabisa ya sumu zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, na wanapaswa kushtakiwa. Kama hawamaanishi hizo, basi walinidanganya. Kwa harufu na kwa matokeo, mimi nadhani ilikuwa saipamethrini iliyozimuliwa. Dawa za jamii hiyo huwafukuza mchwa, na ikiwekwa kwa viraka, wao hukipita kiraka na kutafuta upenyo mwingine, jambo ambalo linaeleza kwa nini walihama kutoka sebuleni wakaenda chumbani. Iliyofaa ni ile wasiyoihisi, kama fipronili, ambayo kibarua huipita bila kujua, akarudi nayo na kuwaambukiza wenzake.

Nikubali na kosa langu. Mwaka 2019, wakati wa kujaza kifusi, niliona kisiki cha mkorosho pale ilipo sebule leo, pamoja na vipande vya mirunda na mbao za kufungia zege, na msimamizi akaniambia vitaoza vyenyewe. Nikamwamini kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumwaga jamvi. Udongo nao haukutiwa dawa kabla ya kutandika nailoni, wakati ambapo kila kitu kilikuwa wazi na kazi ingekuwa ya asubuhi moja. Lakini kampuni iliyokuja kukagua nyumba haikuniuliza swali hata moja kuhusu kilichomo chini ya sakafu, na ukaguzi huo niliulipia.

Ninachodai ni hiki: warudi, wachimbe mfereji, watoboe sakafu, na chombo cha dawa kifunguliwe mbele yangu kikiwa na lebo na namba ya usajili, la sivyo warudishe fedha yote. Na kama humu kuna fundi aliyewahi kutoboa sakafu ya vigae kuufuata ukuta bila kuvipasua, naomba aeleze alivyofanya, kwa kuwa hilo sitawaachia wale vijana. Nimewapa hadi mwisho wa mwezi. Barua ya kwenda Tume ya Ushindani nimekwisha kuiandika, nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni na kuininginiza kwenye msumari, kwa sababu nakala ya kwanza niliiweka kwenye droo na imeliwa pamoja na droo yenyewe.