Nyumba tunayotaka kununua Minneapolis ina hati inayokataza mtu mweusi kukaa humo. Tufanyeje?

Nesi_wa_Usiku

Wakuu, shikamooni wenye kustahili, na wengine habari za Jumapili.

Mimi na mume wangu tuko Minneapolis mwaka wa tisa sasa. Mimi nauguza wazee zamu ya usiku, yeye anaendesha lori. Tumedunduliza hadi tukafikia pa kununua nyumba, na mwezi uliopita tukaipata: vyumba vitatu, kusini mwa jiji karibu na Ziwa Nokomis, ilijengwa 1926, shule ya mtoto dakika kumi kwa miguu. Bei tuliyotaja imekubaliwa na kianzio tumeshaweka.

Muuzaji ni bibi wa Kizungu anayehamia kwa mwanawe. Alitukabidhi furushi la karatasi za kiwanja tangu kilipokatwa, akasema huku ni desturi zifuatane na nyumba. Siku yangu ya mapumziko nikakaa kuzisoma. Kwenye hati ya 1924 nikakuta sharti: kiwanja hiki kisiuzwe, kisiwekwe rehani, kisipangishwe wala kukaliwa na mtu yeyote asiyekuwa Mzungu. Nikairudia mara tatu. Nikamwita mume wangu.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Mume anasema tudai kianzio chetu, hawezi kulala ndani ya nyumba iliyoandikwa asilale humo. Wakala wetu tulipomwambia alicheka tu, akasema nyumba nyingi za upande ule ziko hivyo, tusaini. Kile kicheko ndicho kilichoharibu zaidi.

Naomba mwenye uelewa anisaidie. Sharti hili bado lina nguvu? Linafutika? Na kama linafutika, tulifute au tuliache? Nina binti wa miaka 11 anayesoma kila karatasi inayowekwa mezani.

Kaa_la_Moto

Mimi sina la kusema, nimekaa pembeni hapa nasubiri wajuzi.

Mkongwe_wa_StPaul

Dada, pole. Mimi niko ng'ambo ya mto, St. Paul, tangu 1988, na kwa miaka 22 nimekula jasho la kupekua hati za viwanja. Masharti ya namna hiyo nimeyaona hadi jicho likazoea kuyaruka lenyewe.

Jibu kwanza: halina nguvu. Limeuawa mara tatu, na kila mara likazikwa chini zaidi.

Lakini ujue lilikotoka. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani iliufuta utaratibu wa mji wa Louisville, Kentucky, uliogawa mitaa kwa rangi ya watu. Halmashauri zikafungwa mikono. Wakata viwanja wakasema sawa, kama mji hauruhusiwi kutugawa, tutagawana wenyewe kwenye mikataba ya mauziano. Masharti hayo yalikuwepo hata kabla, hapa Minneapolis la mwanzo kabisa lililopatikana ni la 1910, ila baada ya hukumu ile yalienea kama moto wa nyika. Mwaka 1926 mahakama hiyohiyo ikayapitisha, ikaona ni mambo ya watu binafsi. Kiwanja chako cha 1924 ni mtoto wa enzi hizo.

Kifo cha kwanza ni 1948. J.D. Shelley na mkewe Ethel walitoka Mississippi na watoto sita wakahamia St. Louis. Mwaka 1945 wakanunua nyumba yenye sharti la 1911 ambalo hawakuwa na habari nalo. Akina Kraemer, ambao hata hawakuwa wa jirani mlango kwa mlango, wakafungua kesi watolewe. Ilipofika juu, majaji 3 kati ya 9 wakajitoa bila kueleza sababu, na watu wengi waliamini nyumba zao wenyewe zilikuwa na masharti yaleyale. Sita waliobaki wakakubaliana wote: raia aandike upuuzi wake akipenda, lakini mahakama ya serikali haiwezi kuutekeleza, kwani hapo anayebagua ni dola.

Kwa hiyo sharti likabaki kwenye karatasi bila polisi. Watu waliendelea kuyaandika! Jimbo letu la Minnesota likapiga marufuku kuandika mapya 1953. Halafu ikaja sheria ya makazi ya 1968 ya nchi nzima, iliyosukumwa na seneta wetu Walter Mondale akishirikiana na Edward Brooke wa Massachusetts. Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili, Rais Johnson akaisaini tarehe 11. Baada ya hapo kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake ni kosa, iwe kuna karatasi au hakuna.

Kuhusu kulifuta nitarudi, nina wageni.

Pesa_Kwanza

Mnazunguka mbuyu. Karatasi ya miaka mia inamhusu nini mtu wa leo? Eneo zuri, shule nzuri, bei haishuki. Saini, kaa miaka saba, uza, nenda kajenge Kigamboni. Huyo mume aambiwe apunguze hisia.

Otieno_Kayole

Hii stori si ngeni kwetu bwana. Nairobi ya mkoloni kulikuwa na upande wa Wazungu, wa Wahindi, na sisi tukasukumwa Eastlands. Dar nanyi mna Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, majina yenyewe yanajieleza. Tofauti ni kwamba huku mkoloni aliamuru waziwazi kwa sheria. Hao wa Amerika walijificha nyuma ya mkataba wa muuzaji na mnunuzi, halafu wanakuambia ni soko tu.

Mkongwe_wa_StPaul

Wageni wameondoka.

@Pesa_Kwanza ndugu yangu, hiyo bei isiyoshuka unayoishangilia ndiyo kazi ya karatasi hiyo. Mwaka 1934 serikali kuu iliunda FHA, shirika la kudhamini mikopo ya nyumba. Kabla ya hapo mkopo wa nyumba ulikuwa wa miaka michache na kianzio chake kinavunja mgongo. Kwa udhamini wa FHA mtu wa kipato cha kawaida akaweza kulipa pole pole kwa miaka 20 na zaidi. Sasa kitabu cha mwongozo cha FHA kiliwaelekeza wakadiriaji wake wapendelee maeneo yenye masharti ya rangi, na kuwaona watu weusi kuingia mtaani kama hatari kwa mkopo. Yaani sharti kama la dada lilikuwa cheti cha ubora. FHA ilikuja kukataa nyumba zenye masharti mapya mwaka 1950, miaka miwili baada ya hukumu ya Shelley.

(Zile ramani mnazoziona mitandaoni, zilizopaka nyekundu mitaa iliyohesabiwa hatari kwa mikopo, zilichorwa na shirika jingine, HOLC, na wanahistoria wanabishana kama hizo ndizo zilizoamua nani apewe mkopo. Mwongozo wa FHA haubishaniwi, umeandikwa na upo.)

Weka juu yake sheria ya 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani. Kijana Mzungu alinunua nyumba karibu na Nokomis, ikapanda bei, akaiwekea dhamana akasomesha watoto, akafa akawaachia. Mweusi aliyevaa magwanda yaleyale mara nyingi benki ilimwonyesha mlango. Na alipokuwa amejijengea pake napo hapakusalimika. Hapa St. Paul kulikuwa na Rondo, mtaa wa watu weusi wenye makanisa yao, vinyozi, maduka na magazeti. Barabara kuu ya I-94 ikapitishwa katikati yake, ujenzi ukaanza 1956, mamia ya familia zikang'olewa. Nimefanya kazi na mzee mmoja aliyezaliwa pale. Kila tukipita kwenye daraja alikuwa ananionyesha kwa kidole hewani, chini yakipita magari: "Sebule yetu ilikuwa hapo."

Msafiri_Chicago

Niongeze kimoja chenye faida kwa wanunuzi wa leo. Huku Chicago, hasa North Lawndale, watu weusi waliokosa mikopo walinunua kwa mkataba: unalipa kila mwezi, hati inabaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Ukiruka mwezi mmoja, nyumba na yote uliyolipa vimekwenda. Na bei walikuwa wanauziwa juu sana ya ile aliyonunulia dalali. Mwaka 1968 wakaungana, wakagoma kulipa hadi mikataba ipitiwe upya. Wengine walitolewa nje na samani zao, majirani wakazirudisha ndani.

Mikataba hiyo bado ipo hadi leo, na ndugu zetu Waislamu wanaokwepa riba hutongozwa nayo, hata huko kwenu Minnesota. Mama, kama mnanunua kwa mkopo wa kawaida na hati inakuja kwa majina yenu, uko salama. Kama mtu ataanza kukushawishi vinginevyo, kimbia.

Bi_Mkubwa_Tanga

Nesi mwanangu, hawa wanaume wamekueleza sheria wakamaliza, na Mungu awalipe. Lakini mumeo hakuuliza sheria. Mtu mzima ameendesha lori kwenye barafu miaka tisa ili aiweke familia yake pahala, halafu anafungua karatasi inamwambia wewe si wa hapa. Usimwambie "halina nguvu". Anajua. Mwache aseme kilichomkera, na ukimwona anahema, mpe chai. Mambo ya kianzio zungumzeni siku ya pili.

Na huyo wakala wenu aliyecheka, akicheka tena mbadilisheni.

Mwalimu_Mstaafu

Kuhusu binti. Mimi nisingemficha, ila nisingemwonyesha hiyo karatasi peke yake. Karatasi peke yake inamwonyesha watu waliokatazwa tu. Wapo waliokataa kukatazwa, tena palepale Minneapolis.

Mwaka 1931 Arthur Lee, mfanyakazi wa posta aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, na mkewe Edith walinunua nyumba kwenye Columbus Avenue, kusini mwa jiji. Mwezi Julai watu wakajaa nje kila jioni, wakifika maelfu, wakirusha mawe na takataka, wakitaka wahame. Wanasheria wengine walikuwa wakijadili kuiuza nyumba. Alipoingia Lena Olive Smith, mwanamke mweusi wa kwanza kupata leseni ya uwakili Minnesota na kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini hapo, akatangaza wazi kwamba familia haiuzi na haihami. Wakakaa hadi 1933. Nyumba bado imesimama, na tangu 2014 imo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Si mbali na mnakotaka kuhamia. Mpeleke mtoto mkaione, siku ya jua.

Kuna jambo dogo huwa linanichekesha: nyumba ya Lee ni namba 4600, na ile ya Shelley kule St. Louis, Labadie Avenue, nayo ni namba 4600.

Shoka

Yote sawa, lakini mimi ningelifuta. Siwezi kulipa mkopo miaka 30 huku tusi limelala kwenye droo.

Otieno_Kayole

Ukifuta, kesho mjukuu atasema halikuwahi kuwepo. Huko tayari kuna watu wanasema hivyo.

Mkongwe_wa_StPaul

Hapa ndipo nilipoahidi kurudi, na habari ni nzuri kwenu nyote wawili.

Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kusajili fomu kwenye kumbukumbu za kaunti inayosema sharti hili ni batili na ninalikataa. Hati ya 1924 haichanwi wala haipakwi wino. Inabaki mahali pake, na fomu yako inaingia kwenye mlolongo uleule wa karatasi ikiwa na jina lako, tarehe yako na namba ya kiwanja. Mpekuzi wa hati atakayekuja kama mimi atazikuta zote mbili.

Fomu yenyewe ni fupi. Kuna mradi wa Just Deeds ambao mawakili wake huwaandalia wenye nyumba bila malipo, na miji kadhaa ya hapa imejiunga nao. Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kina mradi wa Mapping Prejudice uliochora ramani ya masharti haya kiwanja kwa kiwanja. Tazama mtaa wenu. Nina hakika utakuta hamko peke yenu.

Jambo moja: anayesajili ni mwenye nyumba. Kwa hiyo mpaka mfunge ununuzi kwanza.

Pesa_Kwanza

Sawa mzee, hapo kwenye FHA nimekuelewa. Ila Kigamboni pale pale.

Nesi_wa_Usiku

Wakuu, nimesoma yote nikiwa kazini, wazee wangu wamelala. Asanteni sana. Bi Mkubwa, nilifanya ulivyosema, nikakaa kimya. Akaongea muda mrefu kuhusu mambo mengine kabisa: kambi ya barabara alikofanya kazi ujanani, mlango waliokuwa hawaruhusiwi kupitia. Miaka kumi na nne ya ndoa sikuwahi kuisikia hiyo.

Jana tukaenda Columbus Avenue, sisi watatu, hatukushuka garini kwa sababu ya baridi. Binti akauliza kwa nini askari hawakuwakamata waliokuwa wanarusha mawe. Baba yake akamwambia waliojua kujibu wamekufa.

Kuhusu fomu, mume anataka kuisaini yeye, kwa majina yake yote matatu na la babu. Nimemwambia majina yaendane na yaliyo kwenye hati ya nyumba, tusije tukaharibu.

Mkaguzi wa nyumba anakuja Jumanne saa nne asubuhi. Bibi ametuambia mwenyewe kwamba chini kwenye ghala maji huingia theluji ikiyeyuka, kwa hiyo huenda tukarudi kwenye bei. Nitaleta mrejesho.