Nanofluidi: paipu ya duara, mraba ama pembetatu?

kijana_tudor: Salaam wakubwa. Niko na projekti ya chuo ya kupoza jenereta, nimeambiwa nitie unga wa alumina (oksidi ya alumini) wa saizi ya nano, yaani chembe ndogo mno, kwenye maji; mchanganyiko huo ndio nanofluidi. Sasa nachanganyikiwa na umbo la paipu, nichukue gani? Joto la Mombasa mwalijua wenyewe.

mzee_shimanzi: Duara, kijana. Maji yakienda polepole bila kuvurugika na ukuta wa paipu uwe na joto moja kote, namba ya Nusselt (kipimo cha vile maji yanavyochukua joto la ukuta, ikiwa kubwa ndio bora) ya duara ni 3.66, mraba 2.98, pembetatu ya pande sawa 2.47. Kwenye kona maji yanajikokota tu, joto halichukuliki vizuri.

binti_kongowea: Sawa mzee, lakini mbona rejeta za gari zina tyubu bapa? Nafasi ikiwa nyembamba sana, kama bamba mbili sambamba, Nusselt yafika 7.54, ingawa pampu nayo itasukuma kwa taabu. Na hiyo alumina usimwage ovyo bana, anza na 1% ya ujazo, ukizidisha maji yawa mazito na stima ya pampu yala faida yote. Watu wengi wasifia nanofluidi wasiseme hapo.

kijana_tudor: Shukran sana. Naweza tumia maji ya bahari? Yako bure 😂

mzee_shimanzi: Wacha wee! Chumvi inafanya chembe zishikane madonge zizame chini, na paipu ishike kutu juu yake. Nunua maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, si asidi, halafu uyakoroge sawasawa kabla ya kupima.