Mwaka wa msingi wa usanifu majengo: kazi ya kupima chumba na modeli ya 1:50

PenseliHB:
Habari wakuu. Chuo cha nje kimetoa kazi moja kwa wanafunzi wa kigeni kabla ya mwaka wa msingi wa usanifu majengo kuanza: pima chumba, chora plani na sekisheni (chumba kilichokatwa kwa wima) kwa skeli ya 1:50, tengeneza modeli, tuma PDF. Chumba ni mita 4 kwa 3 kwa ndani, kimo 2.7, kuta sentimita 20. Wengi huharibu wapi?

Rula_ya_Chuma:
Mkuu, anza na ulalo. Pima kona hadi kona, mara mbili. Kwa 4 kwa 3, zote mbili ziwe mita 5 kamili. Ukipata 5.06 huku na 4.94 kule, chumba kimepinda. Kichore hivyo hivyo, usikinyooshe. Kazi hii inapima jicho lako.

Plani ni chumba kilichokatwa kwa mlalo, kama mita 1.2 juu ya sakafu, ili madirisha yaonekane. Kuta zilizokatwa zipe mstari wa unene wa milimita 0.5, kingo zinazoonekana chini yake 0.25, vigae 0.13. Mistari ikilingana yote, mtu hajui ukuta ni upi na fanicha ni ipi. Vipimo viandike kwa milimita: 4000, si 4 m.

Halafu usitegemee maandishi "1:50" peke yake. Mtu akichapa A3 yako kwenye A4, inakuwa karibu 1:71. Chora na kipau cha skeli, yaani mstari mfupi uliogawanywa kwa mita, kitapungua pamoja na mchoro.

Kadibodi2mm:
Upande wa modeli: mita moja ni milimita 20. Ndani 80 kwa 60, kimo 54, unene wa ukuta 4, yaani kadibodi ya milimita 2 tabaka mbili. Unene huo ndio unaosahaulika. Kuta ndefu kata 88, fupi kata 60 zikae katikati ya zile ndefu. Ukikata fupi 68 kwa kufuata kipimo cha nje, upana wa nje unafika 76 badala ya 68. Hizo 8 zilizozidi ni sentimita 40 za chumba halisi!

Wembe upitishe mara nne au tano kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja, unalala na ukingo unatoka mshazari. Gundi nyeupe ina maji, ukiipaka uso mzima kadibodi hujikunja ikikauka. Tabaka ziunganishe kwa selotepu ya pande mbili, gundi iwe ya kingo tu, nyembamba kama uzi.

PenseliHB:
Nimewaelewa, asanteni sana. Na picha za modeli?

Rula_ya_Chuma:
Ukuta mmoja usiugundishe, uutoe wakati wa kupiga. Tumia mwanga wa dirishani kutoka upande mmoja, bila flashi. Lenzi iwe milimita 32 juu ya sakafu ya modeli, hapo ni macho ya mtu kwenye mita 1.6. Simu ipindue kichwa chini, lenzi itashuka vya kutosha. Picha za kutoka juu tu zinaonyesha boksi, hazionyeshi chumba.

Kadibodi2mm:
Na ile karatasi ya vipimo uliyoandika kwa mkono ukiwa chumbani, yenye mafuto na masahihisho, iskani uiweke ukurasa wa kwanza. Usiinakili upya.